Lugha ya Ulinzi: Relei za Kidijitali katika Vituo vya Kugawia Umeme

1. Utangulizi

Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, nchini Kenya, akaangukia transfoma. Transfoma hiyo ilikatika kutoka katika mtandao. Mitambo mingine ya kituo hicho ikaelemewa na mzigo, nayo ikakatika. Zaidi ya megawati 180 zikapotea kwa ghafla, na nchi nzima ikaingia gizani kwa muda wa karibu saa 4. Tumbili mwenyewe alinusurika, na habari yake ikazunguka dunia kama kichekesho. Lakini nyuma ya kicheko hicho palikuwa na swali lisilochekesha: ni kitu gani kinachoamua, katika muda mfupi kama wa kupepesa jicho, kwamba umeme huu ukatwe na ule uachwe?

Kitu hicho huitwa relei. Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya relei, hasa relei za kidijitali, katika vituo vidogo vinavyogawa umeme mijini na vijijini. Yamkini ataulizwa mtu kwa nini jambo la mafundi lipewe nafasi katika jarida la lugha. Majibu ni mawili. Kwanza, relei ya siku hizi si tena kipande cha chuma kinachosukumwa na sumaku. Ni chombo kinachoandikiwa, kinachosoma na kinachoandika, na makosa yake mengi ni makosa ya maneno na tarakimu. Pili, watu wanaoishi chini ya nyaya, na mafundi wengi wanaopanda nguzo, huzungumza Kiswahili. Maneno waliyo nayo kuhusu mambo hayo yanahusu uhai wao.

2. Kituo cha kugawia umeme na maradhi yake

Umeme husafirishwa kutoka mitamboni kwa volteji kubwa ili usipotee njiani. Ukikaribia watumiaji hupokewa na kituo cha kugawia. Nchini Kenya vituo vingi vya namna hii hupokea umeme wa kilovolti 66 au 33 na kuushusha hadi kilovolti 11. Kutoka hapo hugawanywa katika laini kadhaa ziitwazo fida, na kila fida hulisha transfoma ndogo za nguzoni ambazo huushusha tena hadi volti 415 na 240 zinazoingia majumbani, dukani na kwenye vinu vya kusagia.

Ndani ya ua wa kituo mna transfoma kubwa iliyojaa mafuta, mna mihimili ya shaba inayokusanya umeme kabla ya kuugawa, na mna breka, yaani swichi kubwa zenye uwezo wa kukata mkondo mkali pasipo kuungua. Pembeni huwa na chumba kidogo chenye makabati ya chuma. Humo ndimo zinamokaa relei, pamoja na betri zinazozipa nguvu wakati ambapo umeme wenyewe umeharibika. Betri hizo husahauliwa mara nyingi, ilhali kituo ambacho betri zake zimekufa ni kama nyumba ambayo mlinzi wake ni kiziwi na bubu.

Maradhi ya kituo na laini zake huitwa hitilafu. Ile inayojulikana zaidi ni shoti: nyaya mbili zinazopaswa kutengana zinagusana, au zinaunganishwa na tawi, na ndege mwenye mabawa mapana, na radi, au na maji yaliyopenya ndani ya kebo. Hitilafu ya pili ni kuvuja ardhini, pale ambapo waya unakatika na kulala chini au kugusa mti. Ya tatu ni kuelemewa, pale ambapo laini inabeba mzigo kupita uwezo wake kwa muda mrefu.

Ubaya wa shoti hutokana na kanuni moja ya fizikia: joto linalozaliwa ndani ya waya huongezeka kwa mraba wa mkondo. Mkondo ukizidi mara 10, joto huzidi mara 100. Laini iliyozoea ampea mia mbili au tatu yaweza kupitisha maelfu ya ampea kwa ghafla. Kwa hiyo sekunde moja si muda mfupi katika hesabu hii. Ndani ya sekunde chache waya huyeyuka, na transfoma iliyogharimu fedha nyingi yaweza kulipuka.

3. Relei na breka: mwenye akili na mwenye nguvu

Katika nyumba ya kawaida ulinzi huo hufanywa na fyuzi, ambayo ni kipande cha waya kilichokusudiwa kuungua ili vingine vipone. Fyuzi huhisi na kukata kwa wakati mmoja, kisha hufa. Kituoni kazi hizo mbili hutenganishwa. Relei hupima na kuamua, lakini haina nguvu ya kukata. Breka ina nguvu ya kukata, lakini haina uwezo wa kuamua. Relei ni kama hakimu na breka ni kama askari wake.

Relei njema huhitajiwa kuwa na kasi na wepesi wa kuhisi. Huhitajiwa pia kuepuka makosa mawili yanayopingana. Mlinzi aweza kulala mwizi apitapo. Na mlinzi mwingine aweza kupiga yowe kila jani likianguka, hata mji mzima ukakosa usingizi. Relei isiyokata panapo hitilafu huunguza kituo. Relei inayokata pasipo hitilafu huwatia watu gizani bure. Kila jitihada ya kuondoa kosa la kwanza huelekea kuongeza la pili, na ustadi wa mhandisi wa ulinzi ni kutafuta mahali pa katikati.

Lakini sifa iliyo kuu kuliko zote ni ile ya kutenga sehemu iliyougua peke yake. Tawi likiangukia fida moja, fida hiyo ikatwe na nyingine zote ziendelee. Wahandisi wa Kiingereza huita sifa hii kwa neno lile lile linalotumika kwa kubagua watu. Mfasiri mwenye haraka angeandika ubaguzi, na msomaji angefikiri mengine kabisa. Neno uchaguzi nalo limekwisha chukuliwa na siasa. Kiswahili kina kitenzi kilicho tayari kwa kazi hii, nacho ni kupambanua, yaani kutenganisha vitu vinavyofanana kwa kuvitazama kwa makini. Kwa sababu hiyo neno upambanuzi linatumika katika makala haya.

Upambanuzi hupatikana zaidi kwa kutumia wakati. Relei iliyo karibu na mwisho wa laini hukata upesi, na iliyo nyuma yake, karibu na chanzo, husubiri kidogo ili kuona kama mwenzake amefanya kazi. Kadiri mkondo unavyozidi ndivyo muda wa kusubiri unavyopungua. Katika mkunjo wa kawaida uliowekwa na Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, relei inayoona mkondo ulio mara 2 ya kiwango chake husubiri takriban sekunde 10. Ikiona mara 5, sekunde 4.3, na ikiona mara 10, sekunde 3. Muda huo kisha huzidishwa kwa kizidishio kinachochaguliwa na mhandisi. Relei ya fida ikipewa kizidishio cha 0.1, itakata baada ya sekunde 0.3 ionapo mkondo wa mara 10. Na relei ya transfoma iliyo nyuma yake, ikipewa 0.25 na kuona mkondo wa mara 10 ya kiwango chake, itasubiri sekunde 0.74. Nafasi ya sekunde 0.44 iliyo kati yao huwatosha breka ya mbele kukata na relei ya nyuma kutulia. Nafasi hiyo ikifanywa ndogo mno, zote mbili zitakata pamoja, na kosa la fida moja litakuwa giza la mtaa mzima.

4. Kutoka sumaku hadi tarakimu

Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa na kisahani cha chuma. Mkondo ulipopita katika koili, sumaku ilikizungusha kisahani, na kilipofika mwisho wa safari yake kiligusisha vipande viwili vya shaba vilivyoiamuru breka. Relei za namna hiyo ni imara, na baadhi zimefanya kazi kwa miongo kadhaa. Kasoro yao ni ukimya. Kisahani kikishikwa na kutu au vumbi, hakuna atakayejua mpaka fundi aje kukipima, au mpaka hitilafu itokee na kisahani kisizunguke.

Baadaye zilikuja relei za transista, zisizo na kitu kinachozunguka. Kisha, mnamo 1984, mhandisi wa Marekani Edmund O. Schweitzer III, aliyeanzisha kampuni yake katika mji wa Pullman, jimbo la Washington, alitoa relei ya kidijitali iliyofungua mlango wa zama mpya. Tangu hapo watengenezaji wa nchi nyingi wameifuata njia hiyo.

Relei ya kidijitali haioni mkondo wenyewe. Transfoma za kipimo huupunguza mkondo wa mamia ya ampea hadi ampea 1 au 5, na relei huupima mkondo huo mdogo mara nyingi kwa vituo vya muda vilivyo sawa. Umeme wa Kenya hupanda na kushuka mara 50 katika sekunde, hivyo kila duru moja huchukua milisekunde 20. Katika duru hiyo moja relei huweza kuchukua vipimo 16 au zaidi, na kila kipimo hugeuzwa kuwa tarakimu. Toka hapo kazi iliyobaki ni hesabu: tarakimu hizo huchujwa ili ibaki sura halisi ya mkondo, hulinganishwa na viwango vilivyowekwa, na uamuzi hutolewa.

Hesabu hiyo huwezesha mambo ambayo kisahani hakikuyaweza kwa urahisi. Mfano wa kwanza ni kuvuja ardhini. Laini ya umeme ina nyaya 3, na mikondo yake inapojumlishwa kwa utaratibu wake, jumla huwa karibu na sifuri maadamu kila kilichokwenda kinarudi. Jumla isipokuwa sifuri, kuna umeme unaorudi kwa njia nyingine, nayo ni ardhi. Mfano wa pili ni ulinzi wa transfoma. Relei hulinganisha kinachoingia na kinachotoka, kama karani wa ghala anavyolinganisha magunia ya asubuhi na ya jioni. Tofauti ikizidi kiasi kinachovumilika, kuna upotevu ndani. Hata hivyo transfoma inapowashwa huvuta kwa muda mkondo mkubwa upande mmoja tu, na karani asiye na uzoefu angedhani ameibiwa. Relei ya kidijitali huutambua mkondo huo kwa sura yake, kwa kuwa una sehemu kubwa ya mtetemo wa mara 2 ya ule wa kawaida, nayo hujizuia isikate.

Aidha, relei hii hujichunguza yenyewe na kutoa ishara inapougua. Huandika pia kumbukumbu ya kila tukio: saa, dakika, sekunde na milisekunde, pamoja na sura ya mkondo kabla na baada ya kukata. Fundi afikapo hakuti kimya, bali hukuta maandishi.

Si kwamba vya kale vyote vimetupwa. Transfoma kubwa bado huwekewa chombo kilichobuniwa na Mjerumani Max Buchholz mnamo 1921, ambacho huhisi gesi inayopanda ndani ya mafuta pale hitilafu ndogo inapoanza kuyachoma. Hakina tarakimu hata moja, nacho hugundua mambo ambayo mkondo bado haujayaonyesha.

5. Relei hutegwa

Relei inunuliwapo haijui chochote kuhusu kituo itakachokilinda. Lazima iambiwe mkondo wa kawaida ni kiasi gani, isubiri muda gani, transfoma za kipimo zina uwiano gani. Relei moja ya kidijitali yaweza kuwa na mamia ya viwango vya kujazwa. Kazi hiyo inahitaji jina la Kiswahili, na jina lipo. Mswahili hutega saa ili imwamshe alfajiri, hutega mtego ili unase mnyama, na hutega sikio ili asipitwe na neno. Katika yote matatu mna maana moja: kuandaa kitu kisubiri jambo ambalo bado halijatokea. Relei nayo hutegwa, na viwango vyake ni viwango vya kutegea.

Kuwa relei hufanya lile tu iliyotegewa ni jambo lililodhihirika kwa gharama kubwa. Tarehe 9 Novemba 1965, saa 11 na dakika 16 za jioni, relei moja katika kituo cha Sir Adam Beck, karibu na maporomoko ya Niagara upande wa Kanada, ilikata mojawapo ya laini 5 zilizobeba umeme kuelekea kaskazini. Hapakuwa na shoti, wala tawi, wala radi. Relei ilikuwa imetegwa mnamo 1963 kwa kiwango kilichotosha wakati huo. Mzigo wa laini uliongezeka mwaka hadi mwaka. Kiwango hakikubadilishwa, na waliokuwa zamuni hawakujua kwamba kilikuwa chini kiasi hicho. Laini ya kwanza ilipokatika, mzigo wake uliziangukia nyingine 4, nazo zikakatika ndani ya sekunde chache. Watu wapatao milioni 30 wa Kanada na kaskazini mashariki ya Marekani walikosa umeme. Relei haikuharibika. Ilitii neno lililoandikwa miaka miwili nyuma, ambalo hakuna aliyelisoma tena.

Mkasa huo ulihusu laini kubwa za kusafirishia, si vituo vya kugawia, lakini funzo lake ni lile lile kila palipo na relei. Mji ukikua, kiwanda kikijengwa, laini ikirefushwa, kiwango cha jana huwa uongo wa leo. Relei za kidijitali hazikuiondoa hatari hiyo. Zimebadilisha sura yake tu: zamani fundi alizungusha skrubu moja kwa mkono wake; leo huandika mamia ya tarakimu katika jedwali, na koma moja mahali pasipo pake hutosha kukipofusha kituo.

6. Majina na ngeli za mitambo

Ili mafundi wa nchi mbalimbali waelewane, kanuni ya Marekani iitwayo C37.2 ilivipa vyombo tarakimu badala ya majina. 50 ni relei ya mkondo mkubwa inayokata papo hapo. 51 ni ile inayosubiri. 87 ni ile inayolinganisha kinachoingia na kinachotoka. 52 ni breka. Herufi N ikifuata, kama katika 51N, ulinzi huo ni wa kuvuja ardhini. Fundi aliyezoea husema hamsini na moja kama asemavyo jina la mtu.

Relei zilipoanza kuzungumza zenyewe kwa zenyewe kwa kompyuta, tarakimu hizo hazikutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilianza kuchapishwa kanuni ya kimataifa iitwayo IEC 61850, ambayo kwa mwanaisimu ni jambo la kuvutia, kwa maana ni sarufi kamili ya majina. Kila kazi ndani ya kituo hupewa jina la herufi 4, na herufi ya kwanza hutaja jamii. P ni jamii ya ulinzi, X ni ya swichi, M ni ya vipimo, T ni ya transfoma za kipimo. PDIF ni ulinzi wa kulinganisha, PTOC ni ulinzi wa mkondo unaosubiri, XCBR ni breka. Asomaye herufi ya kwanza tayari anajua kitu hicho ni cha kundi gani na kinaweza kuulizwa maswali gani, kama vile msemaji wa Kiswahili asikiapo kiambishi cha ngeli ajuavyo upatanisho utakaofuata. Kwa sarufi hiyo relei ya fida huweza kuiambia relei ya transfoma, kwa ujumbe unaofika ndani ya milisekunde chache, kwamba hitilafu ni yangu, subiri. Hapo upambanuzi hauhitaji kutegemea muda peke yake. Hupatikana kwa mazungumzo.

Lakini kitu kinachoamrishwa kwa lugha huweza kuamrishwa na yeyote aijuaye lugha hiyo. Tarehe 23 Desemba 2015 wavamizi waliokuwa wameingia katika kompyuta za makampuni 3 ya kugawia umeme nchini Ukraine walizikatisha breka za vituo vipatavyo 30, na wateja wapatao 225,000 wakakaa gizani kwa saa kadhaa. Breka hazikuwa na kosa. Amri zilizozifikia zilikuwa sahihi kisarufi. Umeme ulirudishwa na mafundi waliokwenda vituoni wenyewe kuziendesha breka kwa mikono.

7. Neno na uhai

Hapa ndipo jambo la mafundi linapokuwa jambo la wanalugha. Mashine kwa mashine, lugha imekwisha sanifishwa hadi herufi. Mtu kwa mtu, katika Kiswahili, bado.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni vitenzi kufunga na kufungua. Kwa Kiingereza cha mafundi, breka iliyofunguliwa ni ile iliyokata umeme, kwa sababu vipande vyake vimeachana, na breka iliyofungwa ni ile inayoupitisha. Katika Kiswahili cha kila siku mambo ni kinyume. Afunguaye redio huisikia ikilia. Afungaye redio huinyamazisha. Afungaye mfereji huzuia maji. Basi msimamizi aliyesoma vitabu vya Kiingereza, akimwambia kwa simu fundi aliye kituoni, funga breka ya fida ya tatu, anakusudia umeme urudi. Fundi aliyelelewa katika Kiswahili aweza kuelewa kwamba anaambiwa auzime. Kosa likienda upande huo, mtaa utakaa gizani kwa muda, basi. Likienda upande wa pili, yaani akiambiwa fungua kwa maana ya kukata naye akaelewa kuupitisha, yupo mwenzake aliyekwisha kuushika waya. Kwa sababu hii vitenzi hivyo viwili havifai kabisa katika amri za kituoni. Kukata na kuunganisha havina utata, kwani hakuna msemaji yeyote wa Kiswahili, wa pwani wala wa bara, ambaye kwake kukata umeme ni kuupitisha.

Mfano wa pili ni usemi wa mitaani. Nchini Kenya umeme huitwa stima, neno lililotoka kwenye mvuke na meli za mvuke, na unapokatika husemwa kwamba stima imepotea. Usemi huu ni mzuri kwa kulalamika, lakini haufai kwa kujihadhari. Hitilafu nyingi za laini za hewani ni za kupita: tawi hugusa na kuachia, ndege huanguka chini. Kwa hiyo relei nyingi hutegwa ziunganishe tena breka zenyewe baada ya muda mfupi, pengine chini ya sekunde moja, pengine sekunde kadhaa. Mzazi akiona taa zimezimika na waya umelala uani, akasema stima imepotea, watoto watausogelea. Ilhali kilichopotea hurudi, na hiki chaweza kurudi kabla neno halijaisha kinywani.

Yako mabaya zaidi. Waya wa kilovolti 11 ukianguka juu ya mchanga mkavu, changarawe au lami, huenda ukapitisha ampea chache tu, kwa sababu ardhi kavu huuzuia mkondo. Relei ya fida iliyozoea mamia ya ampea haitaona chochote cha ajabu. Haitakata. Taa za jirani zitaendelea kuwaka, na waya utabaki pale ukiwa na nguvu ya kuua. Relei za kidijitali zimeanza kuwekewa hesabu za kutambua mtetemo wa hitilafu kama hizo, lakini hakuna inayoweza kudaiwa ulinzi kamili. Katika hali hiyo ulinzi uliobaki ni neno: tangazo lililoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba waya ulioanguka ni waya ulio hai mpaka fundi mwenyewe athibitishe kuwa umekufa, na kwamba asikaribie mtu wala asiuguse kwa fimbo.

Mfano wa tatu ni wa zamu ya usiku. Relei imekata na kuandika 51N. Fundi asomaye herufi na tarakimu hizo kama alama tu, aweza kuiunganisha breka mara ya pili na ya tatu ili wateja wasilalamike. Fundi aliyefundishwa kwamba maana yake ni kuvuja ardhini, hujiuliza kwanza: je, waya uko wapi, na ni nani aliye karibu nao? Tofauti ya mafundi hawa wawili si ya mkono. Ni ya tafsiri.

8. Hitimisho

Imeelezwa kwamba ulinzi wa kituo cha kugawia umeme umehama kutoka kwenye uzito wa chuma na nguvu ya sumaku, ukaingia katika tarakimu, majina na ujumbe. Relei imekuwa na kasi zaidi, inapambanua vizuri zaidi, hujichunguza na hueleza iliyoyaona. Pamoja na hayo haijui ila lile iliyotegewa, na aliyeitega ni mtu.

Katika kuunda istilahi za fani hii hapana haja ya kuanza upya kila mahali. Mafundi wamekwisha kuzizoea relei, breka, transfoma, fida, fyuzi na shoti. Maneno hayo yamepata sauti za Kiswahili na yanachukua viambishi bila taabu, na kuyabadilisha kwa maneno mageni kwao kungeleta utata mpya mahali ambapo utata huua. Panapohitajika neno la kitendo au la sifa, lugha yenyewe ina hazina: kutega, kupambanua, kuvuja, kuelemewa, kukata, kuunganisha. Kazi ya mwanalugha ni kuyakusanya maneno hayo kutoka vinywani mwa watumiaji, kuyapima pamoja na wahandisi, na kuyakataa yale yenye maana mbili hata kama yanapendeza.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sambamba na Kiingereza. Urasmi huo hauwezi kuishia bungeni na katika barua za serikali. Hauna budi kufika katika kile chumba kidogo chenye makabati ya chuma, ambamo fundi wa zamu, peke yake usiku, anasoma kilichoandikwa na relei na kushika simu ili aambiwe akate au aunganishe.